Tarumbeta Lililosuguliwa kwa Majivu

Kila jioni bendi ya shule ilifanya mazoezi katika chumba cha useremala, na kila jioni Chiriku alipuliza tarumbeta kuukuu la shule. Vanishi yake ilikuwa imebanduka sehemu za kushikia, ikaacha mabaka ya kahawia.

Jumatatu moja, binamu yake alikuja na tarumbeta jipya linalometameta.

"Usisogee, dada, pumzi yako italitia ukungu!" alisema. Wenzao wakaangua kicheko.

Chiriku naye akacheka, lakini kijicho kilimchoma. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuanzisha wimbo peke yake. Nani angemtazama mwenye bati kuukuu? Hata alipofumba macho kusali kabla ya chakula, aliona mng'ao wa tarumbeta la binamu.

Alhamisi alirudi nyumbani na lile tarumbeta kuukuu, akalisugua kwa majivu na msasa kama sufuria iliyoungua. Mabaka hayakutoka. Vanishi iliyobaki ikachubuka, na majivu yakapenya ndani. Vitufe vitatu vya juu, vinavyobonyezwa kubadilisha sauti, vikakwama chini visiinuke tena.

Asubuhi alimwendea mwalimu wa bendi. Njiani alikuwa ametunga uongo kwamba limeanguka, lakini alipofika alisema kweli.

"Mwalimu, nimeliharibu mimi. Nilimwonea wivu binamu yangu."

"Ulikuwa unalipikia wali?" mwalimu aliuliza, akipangusa majivu kidoleni. Alivichomoa vitufe, akaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. "Yanatakiwa mafuta, na yangu yamekwisha."

"Ninayo mimi." Binamu alikuwa amesimama mlangoni. Akatoa kichupa mfukoni. "Dada, mimi pia nimekuonea wivu. Nimenunuliwa jipya, lakini wimbo umepewa wewe."

Matone machache tu, na vitufe vikaanza kuinuka. Michubuko ilibaki pale pale. Mchana Chiriku alisimama na tarumbeta lake mbele ya wazazi wote, akaanzisha wimbo bila kukosea, na binamu akaupokea.

Baadaye mwalimu aliwaita wote wawili.

"Vanishi ikiisha, sauti haipungui," alisema. "Lakini mwenye wivu hukodolea macho cha mwenzake huku mikono yake ikiharibu alichopewa. Wanangu, mshukuruni Mungu kwa mlicho nacho, kisha mkitunze."