Chuma cha Marehemu Bernado

Stendi ya Bunda ilikuwa imejaa watu waliochoka kuuza na wengine waliochoka kununua, pale Pelagia alipokata kona na pikapu yake ikalala upande kama ng'ombe anayetaka kujikuna. Gunia la dagaa likaruka, likapasukia miguuni mwa mwanamume aliyekuwa akila muhogo wa kuchoma.

Mwanamume hakufoka. Alijipangusa dagaa kwenye suruali, akachuchumaa na kuchungulia chini ya gari.

"Dada, hii gari unaiendeshaga hivihivi?"

"Naiendeshaga na Mungu," Pelagia alijibu, akizoa dagaa kwa mikono. "Samahani kwa suruali."

"Suruali itafuliwa. Stabilaiza yako ndiyo shida." Akamwonyesha chuma kirefu kilichopita chini, kutoka gurudumu hili hadi lile. "Hiki ndicho kinashikaga gari lisilale kwenye kona. Chako ni chembamba, bushi, hizi raba za kukishikilia, zimekwisha, na wewe unabeba mzigo wa lori."

Aliitwa Magige, mtu wa Tarime, fundi mwenye gereji yake Musoma mjini. Siku hiyo alivaa shati la mtumba lililopigwa pasi vizuri kupita maelezo. Pelagia alivaa kitenge kilichopauka na kilemba alichokifunga tangu alfajiri, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliona aibu kunuka dagaa.

Alikuwa mjane. Mumewe Bernado alikufa kwa homa, na ndugu zake wa Butiama wakataka kaka mkubwa, Wanzagi, amrithi. Pelagia alikataa, akatoka na nguo zake tu na kuapa kwamba wanaume hawatampokezana kama jembe. Pikapu aliinunua kwa jasho lake, akawa anachukua dagaa ziwani Bukima na kuwapeleka Bunda. Miaka ya foleni za sukari na sabuni aliimaliza kwa miguu yake mwenyewe. Sasa biashara ilikuwa ruksa, madukani karibu kila kitu kipo, na yeye hakuwa na nguvu za kukifurahia.

Magige alianza kumpigia simu kutoka posta ya Musoma, kwenye duka la Miriamu pale Bunda, ambako Pelagia alishushia mzigo.

"Umefika salama?"

"Nimefika. Gari imelala njia nzima."

"Na wewe?"

"Mimi sijalala tangu Jumapili."

"Pole, mpenzi."

Miriamu alijifanya anapanga sabuni. Pelagia akaubana mkono wa simu sikioni.

"Umesemaje?"

"Nimesema pole."

"Baada ya pole."

"Simu za siku hizi zinakatikaga," Magige alisema, akakata.

Pelagia alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Alimpenda. Alijua hivyo pale pale, na uchovu wake ukapungua kidogo.

Spea mpya hazikupatikana hata Mwanza, ila za magari madogo. Basi siku moja Magige akamwita gerejini Musoma, akamtolea stabilaiza nene, imeshika kutu kidogo tu. Alikata bushi kutoka tairi kuukuu la lori, akatoboa matundu mapya ya vishikio, akajilaza chini ya pikapu tangu asubuhi. Hakukubali kabisa kukikunja chuma kwa moto.

"Kikipata moto kinalegea, hakifai tena," alisema. "Jaribu sasa."

Pelagia alikata kona ya Bweri, pembezoni mwa mji, na mzigo juu. Gari lilisimama wima.

"Umekitoa wapi?"

"Nitakwambia Jumapili, nikija na soda."

Jumapili haikufika. Simu ililia dukani kwa Miriamu, na safari hii alikuwa Wanzagi.

"Shemeji, hongera. Mume wako amefika hapa. Ameomba chuma cha gari la marehemu, lile liko juu ya mawe tangu spea zikosekane. Tumempa mbele ya wazee."

Pelagia akakata simu. Katika ukoo ule, kitu cha marehemu hakiombwi na mtu wa nje, kiwe jembe au kigoda. Anayeomba kitu cha marehemu anamwomba na mjane, na akipewa, amepewa vyote viwili.

Aliendesha hadi Musoma akilia kwa hasira, na lile gari likamkera zaidi kwa kutulia barabarani.

"Kwa hiyo umeniomba kwa Wanzagi," alimwambia Magige mlangoni mwa gereji.

"Nimeomba chuma. Wewe mwenyewe uliniambiaga kuna gari linaoza kule. Nilitaka kukushtukiza."

"Na walipokupa?"

"Walinipa togwa, wakanipigia makofi. Nilidhani ni ukarimu. Kwetu Tarime chuma ni chuma."

"Kitoe."

"Pelagia."

"Kitoe kwenye gari langu."

Alikitoa, akarudisha kile chembamba. Pelagia hakumwamini. Wanaume wangapi walishamwambia hawakujua?

Magige alipopiga simu Bunda, Pelagia alimwambia Miriamu, "Sema sipo."

"Anasema amekusikia ukisema haupo," Miriamu alijibu, kiganja kikiwa kwenye mkono wa simu. Akasikiliza tena. "Anasema Jumamosi anakirudisha chuma Butiama. Anakuomba uwepo. Hataki waongee habari zako wewe haupo."

Hilo hakuna mtu aliyewahi kumfanyia. Jumamosi alimkuta Magige kando ya barabara Bweri, chuma begani, shati limepigwa pasi. Akafungua mlango. Magige akakilaza chuma nyuma, wakaondoka kwenda Butiama.

Wanzagi aliwakaribisha kwa bashasha, akaita wazee. Magige akakilaza chuma chini mbele yao.

"Wazee wangu, nimekirudisha. Nilikosea, sikujua desturi yenu. Nilikuja kuomba chuma peke yake."

Uso wa Wanzagi ulibadilika. "Ina maana humtaki?"

"Namtaka sana." Magige alimwelekeza Pelagia kwa mkono. "Lakini hapa si mahali pa kumwomba. Yeye ana mdomo wake."

Wazee walitazamana. Wanzagi akamgeukia Pelagia. "Shemeji, unakubali tudharauliwe hivi?"

"Hajawadharau, shemeji. Kawarudishia kitu chenu. Mimi siyo sehemu ya lile gari." Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka mno kupaza sauti. "Mbaki salama."

Walirudi polepole, pikapu ikilala kila kona. Walipovuka daraja Pelagia alisimamisha gari kando.

"Umeshapoteza stabilaiza nzuri," alisema.

"Nimeipoteza."

"Na Tarime watakucheka kuoa mjane."

"Wacheke. Ukishapumzika nitakuuliza neno moja. Leo umechoka."

Pelagia aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mikono ilikuwa inamuuma hadi mabegani.

"Niulize sasa," alisema. "Nikishapumzika nitaanza kuogopa."

Magige akamuuliza. Pelagia akasema ndiyo, kwa mdomo wake mwenyewe, halafu akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo.