Taji la Mzaliwa wa Kwanza

Pini ya fedha ilimdondoka Guro kifuani siku ya taifa, katikati ya mji wa Bergen, pale ambapo vijana wa ngoma hukutana na watoto wa shule wenye bendera, na mtu hawezi kuinama bila kukanyagwa mgongo. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida yake.

"Usinyanyue mguu!" sauti ya kiume ikamwambia nyuma ya sikio.

"Samahani?"

"Mguu wa kushoto. Ukiunyanyua tu, yule kijana wa ngoma ataipiga teke mpaka bandarini. Tulia hivyo hivyo, mrembo."

Mwanamume akajitosa chini, kati ya masketi yaliyolowa. Alipoinuka goti la suti yake lilikuwa tope tupu, lakini pini ilikuwa kiganjani mwake, pini ya duara yenye visahani vidogo vinavyoning'inia na kulia kila vikiguswa.

"Umechafua suruali," Guro alisema.

"Suruali ina dobi. Hii je, ina umri gani?"

"Inatuzidi mimi na wewe na mama zetu."

"Na wewe ni wa wapi? Maana leo naona watu wanasomana nguo kama vitambulisho. Mimi kusoma sijui."

Guro alicheka. Alikuwa amevaa vazi la kwao Hardanger: sketi nyeusi, kizibao chekundu, kifua cha shanga, aproni nyeupe yenye darizi za matundu. Bibi yake alimshonea kwa ajili ya kipaimara, na tangu hapo lilikuwa limepanuliwa kiunoni, lakini hilo halikuwa la kumwambia mwanamume wa barabarani.

"Hardanger. Na wewe je? Suti tu?"

"Mimi ni wa suti tu, dada. Mama yangu alikuwa anahama nyumba kila ukipita msimu. Sina kwetu pa kushonewa nguo."

Alisema huku anacheka, na Guro akacheka naye. Hakuyashika yale maneno. Mtu anayependwa kwa mara ya kwanza hashiki maneno, anashika macho na mabega.

Jina lake lilikuwa Jostein, karani wa kampuni ya bima. Alimnunulia soseji, wakaila wakiwa chini ya mwavuli mmoja, na haradali ikamdondokea Guro kwenye aproni ya bibi.

Guro alikuwa dereva wa treni ya mjini. Baada ya wiki chache Jostein akawa na tabia ya kupanda treni hiyo bila safari yoyote, anasimama karibu na mlango wa dereva mpaka kituo cha mwisho, kisha anagonga kioo.

"Dereva, hii inafika mbinguni?"

"Inaishia uwanja wa ndege. Kwa mbinguni ubadilishe hapo."

"Na dereva anatoka kazini saa ngapi?"

"Dereva ana njaa. Hilo ndilo la kuuliza."

Wakala mikate ya samaki jikoni kwa Guro, gorofa ya tatu, dirisha limejaa mvuke. Wakawa wanapigiana simu hata kama wameachana mlangoni muda huo huo.

"Umefika?"

"Jostein, uko ngazini bado. Nakusikia unavyokohoa."

"Basi nifungulie nikohoe ndani."

Usiku mmoja alimuuliza, "Kwa nini unaipenda hivyo ile kazi?"

Guro alifikiri. "Watu wamejaa nyuma yangu, wamenikabidhi roho zao, na hakuna hata mmoja anayejua mimi ni binti ya nani. Mlango ukifunga, ni mimi na reli yangu. Sijawahi kuwa na kitu changu kuliko hicho."

Maana kwao alikuwa na kingine, na kilikuwa kikubwa. Guro ndiye mzaliwa wa kwanza wa Myrtun, shamba la matofaa na kondoo juu ya fiyodi, ule mkono wa bahari uingiao kati ya milima. Shamba kule humwendea wa kwanza, awe mwanamume au mwanamke, na sheria inamtaka ahamie akae. Baba yake, Anfinn, alikuwa ameanza kuburuza nyonga. Alikipaka rangi kijumba cha uani ambako wazee huhamia mrithi akishika shamba, akatundika na mapazia, akangoja. Kila Jumapili baada ya ibada mama yake, Ingjerd, alipiga simu. Hakuwa mama wa kugomba. Alisema tu, "Kijumba kimekauka rangi, Guro."

"Nitaona, mama."

Kisha Guro alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu amtie hamu ya lile shamba. Aliomba kwa kweli, kwa machozi. Aliinuka na moyo ule ule.

Msimu wa kuchuma ulipofika akampeleka Jostein Myrtun. Tora, mdogo wake wa kike, aliwapokea uani akiwa na viatu vya mpira na sweta lililotoboka viwiko, kamba ya kondoo shingoni.

"Huyu ndiye wa bima?" Tora alimshika Jostein mkono akaugeuzageuza. "Dada, umeleta mikono ya askofu. Hii tutaifanyia nini?"

"Nifundishe," Jostein alisema.

"Kwanza beba ngazi hiyo, na mikono ikiuma usimlilie mama."

Jostein alichuma mpaka malengelenge yakapasuka. Mezani alikula nyama ya kondoo na kabichi, akaongeza, akaongeza tena, Ingjerd akawa anamwangalia kama mtu anayeangalia mvua baada ya kiangazi. Jioni Jostein alisimama peke yake chini ya miti, mkono juu ya shina moja. Guro alimwona kupitia dirishani. Akajiambia: ananipenda mpaka anaipenda miti yetu. Naye Jostein alimwona Guro anavyonyamaza akiwa kwao, akajiambia: maskini, anaogopa mimi wa mjini nitakataa kuja. Kila mmoja alilala na jibu lake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Basi safari iliyofuata Jostein akamfuata Anfinn zizini, wawili tu.

Jumapili hiyo waliporudi kutoka nyumba ya sala, kahawa ikiwa mezani na mikate laini ya siagi na sukari, Anfinn aligonga kikombe kwa kijiko. Mzee huyu hakuwa mtu wa maneno.

"Mungu amejibu," alisema. "Jostein yuko tayari. Watakuja wote wawili, kabla ya theluji."

Jostein alikuwa ameshapiga goti, pete mkononi, uso unang'aa. "Guro wangu. Huna haja ya kuogopa tena. Nitakuja nawe. Niambie ndiyo."

Ingjerd aliingia chumbani. Alirudi na kitu kilichofungwa kwa flana, akakifungua kati ya vikombe. Lilikuwa taji la bibi harusi la Myrtun, la fedha iliyopakwa dhahabu, limezungukwa na visahani vinavyolia. Wote walilitazama isipokuwa Tora. Tora alikuwa kwenye sinki, anaosha sahani ambayo ilishakuwa safi.

"Nani aliwaambia nataka?" Guro akauliza.

Jostein aliishusha pete.

"Mpenzi, nilidhani unaogopa kwamba mimi nitakataa."

"Mimi ndiye ninayekataa, Jostein."

"Mzaliwa wa kwanza hakatai," Anfinn alisema, taratibu, kama anayemkumbusha mtoto jina lake.

"Baba, nakupenda. Shamba silitaki. Nimemwomba Mungu miaka yote anipe moyo huo, hajanipa, na sitaki kuendelea kuwadanganya wewe na yeye. Mpeni Tora."

"Tora si wa kwanza."

"Tora ndiye anayezalisha kondoo wako! Anajua kila mti hapa!"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," Tora alisema, mgongo bado kwao, maji yanamwagika.

Ingjerd alilifunga taji kwenye flana yake, kunjo kwa kunjo, akalirudisha lilikotoka. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na Jumapili zilizofuata simu ya Guro haikulia.

Guro na Jostein walirudi mjini kwa gari, wakaingia handaki refu.

"Unaniona mbinafsi," Guro alisema.

"Naona una kitu nilichokililia tangu utotoni, na unakitupa."

"Hakikuwa chako cha kukililia."

"Ningekuwa na wewe pale!"

"Ungekuwa na pale. Mimi ningekuwa mlango wa kuingilia."

"Huo ni ukatili, Guro."

"Basi nijibu. Bila Myrtun, unanitaka? Mimi, gorofa ya tatu, mvua, zamu za alfajiri?"

"Nakutaka," Jostein alisema. Lakini alivuta pumzi kwanza, na katika handaki hata pumzi inasikika.

Hakumwacha, jamani. Laiti angemwacha siku ile. Walikaa pamoja majira yote ya baridi, pete imelala kwenye droo pamoja na vijiko, na wakawa wanapendana kwa adabu, kama wageni. Guro alitia saini kumwachia mdogo wake shamba. Tora akashika Myrtun, wazee wakahamia kijumba chenye mapazia. Jumamosi Jostein akaanza kwenda kusaidia.

"Baba yako nyonga imemzidi," alisema akitafuta glavu. "Tora hawezi yote peke yake."

"Nenda, mpenzi," Guro alijibu. Alimfungia na mkate.

Majira ya kondoo kuzaa yalipofika, Guro alimpigia Jostein simu jioni moja.

"Uko wapi? Nimekaanga samaki."

"Nitachelewa kidogo, mpenzi, huku kuna..."

Simu ikatupwa juu ya kitu, haikuzimwa. Guro alisikia kondoo wakilia, majani makavu yakikanyagwa, kisha sauti ya Tora: "Shika miguu! Miguu, bwana wa bima, siyo mkia! Sasa vuta. Vuta!" Kisha mlio mwembamba wa mwanakondoo, na wote wawili wakaangua kicheko. Guro alikijua kicheko hicho. Ni cha watu walio mahali pao. Yeye mwenyewe hucheka hivyo peke yake, treni ikitoka handakini ikikuta jua.

Samaki wakaungua.

"Guro? Bado upo? Wamezaliwa pacha! Nimewatoa kwa mikono yangu!"

"Nimesikia. Hongera."

"Nitarudi kesho asubuhi."

"Jostein. Usirudi."

"Unasemaje?"

"Kaa unapotaka kukaa. Mimi nilifanya hivyo hivyo, nitakunyimaje wewe?"

Alimsikia analia, mwanaume mzima kati ya kondoo. "Sijamgusa mdogo wako. Naapa mbele ya Mungu."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia leo, kabla hujanidanganya."

Mwaka ukapita na nusu yake. Siku moja Tora alikuja Bergen, akapanda treni ya dada yake, akasimama nyuma ya kioo mpaka mwisho wa njia. Abiria waliposhuka, Guro alimfungulia.

"Dada," Tora alisema, kofia mkononi, "ametaka kunioa. Sema neno moja tu, nitamwacha."

"Na shamba je? Nikisema nalitaka sasa?"

Tora alifumba macho. "Shamba siachi."

Guro akaanza kucheka, Tora naye, wakacheka mpaka wakashikana, na kushikana huko kukageuka kilio.

"Nilitaka niishi nitakavyo," Guro alisema akifuta pua kwa mkono wa koti la kazi. "Sikufikiri kwamba na nyinyi mtafanya hivyo hivyo."

"Unatuchukia?"

"Baadhi ya siku. Nenda, treni inarudi sasa hivi, keti mbele."

Arusi ilikuwa majira ya maua. Myrtun yote ilikuwa nyeupe mpaka ukingo wa maji. Chumbani Tora alikaa kwenye kiti, sketi nyeusi na kizibao chekundu, nywele zimechanwa, na Ingjerd akaleta flana. Ni mama anayemvisha bibi harusi taji, siku zote. Ingjerd alilifungua, akalishika kitambo, kisha akamnyooshea Guro.

"Mvishe wewe."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Guro tangu ile Jumapili. Kama yalikuwa msamaha au yalikuwa adhabu, Guro hakujua, na pengine Ingjerd mwenyewe hakujua. Guro aliliweka taji juu ya kichwa cha mdogo wake. Visahani vikalia, na vile vya pini kifuani mwake vikajibu.

"Linaniumiza," Tora alinong'ona.

"Kaa wima. Litakaa."

Jostein alikuwa anangoja mlangoni mwa kanisa. Hakuwa na suti. Alivaa vazi la Hardanger, koti jeusi na kizibao chekundu ndani, vifungo vya fedha vya Anfinn, mishono midogo iliyobanana ambayo Guro angeitambua popote. Ingjerd alikuwa amemshonea, majira mazima ya baridi. Ndipo yale maneno ya siku ya mvua yakamrudia Guro, yale aliyoyachekea, kwamba hana kwao pa kushonewa nguo. Sasa mtu yeyote angemsoma Jostein na kujua kwao ni wapi.

"Umependeza," alimwambia.

"Guro..."

"Usipige magoti kwenye tope. Hiyo haina dobi."

Jostein alitaka kucheka, akashindwa. Guro alimpa mkono, akapita, akaketi benchi la mbele na kuimba nyimbo zote, mistari yote.

Baada ya chakula Anfinn alimkuta uani amebeba begi.

"Hulali?"

"Nina zamu asubuhi, baba."

Mzee alitazama miti. "Unaipenda kazi hiyo kweli?"

"Kweli, baba."

Anfinn alitikisa kichwa kukubali, akamfungia begi zipu iliyokuwa wazi, akarudi kwa wageni akiburuza nyonga.

Alfajiri Guro alikaa kwenye kiti chake, akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa maisha aliyoyataka. Hakuwa anasema uongo. Yalikuwa hayo hayo, yote, na hapakuwa na mtu mwingine ndani yake. Mvua ilipiga kioo. Kituo cha kwanza kijana mmoja mwenye mzigo aligonga mlango wa dereva.

"Samahani, dereva, hii inafika wapi?"

"Inaishia uwanja wa ndege," Guro alisema, na akafunga milango.