Feni Mpya ya Lori la Marimba

Alfajiri ya Jumapili Malín alikuwa jikoni, akipigapiga donge la unga wa mahindi viganjani kutengeneza chapati. Uani, mumewe Baltazar alikuwa amelala chini ya lori. Miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Mume wangu, chai ya nani inapoa hapa?" Malín aliita.

"Nakuja! Nafunga mpira wa maji."

"Si uliufunga jana?"

"Jana nilifunga ule mwingine."

Lori lao lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao. Siku za kazi lilibeba iliki na ndizi. Siku za sherehe lilibeba marimba, kinanda kikubwa cha mbao ambacho Baltazar na ndugu zake walikipiga kwa fimbo. Wao waliishi Barillas, mji wa bondeni. Sherehe nyingi zilikuwa juu milimani, na mlimani lori lilichemsha.

Mwaka uliopita lilichemsha siku ya arusi ya kaka yake Malín. Walikaa kando ya barabara wakisubiri injini ipoe. Walipofika, mabenchi yalikuwa yamekwisha kupangwa ukutani na bwana arusi amelala. Malín hakucheza hata wimbo mmoja.

Sasa mdogo wake, Dominga, alikuwa anaolewa Jumamosi huko Santa Eulalia, juu milimani. Alikuwa amepiga simu. "Dada, nakuomba. Mkichelewa tena, nitafungulia redio kwenye arusi yangu, na nitakulaumu mpaka nizeeke."

Baltazar alimaliza chai yake, akaliwasha lori na kulizungusha mtaani kulijaribu. Alirudi upesi, mvuke ukitoka mbele. Akachukua kitambaa, akanyoosha mkono kuufungua mfuniko wa rejeta, kile kipoza maji ya injini.

"Toa mkono hapo!"

Ilikuwa sauti ya jirani yao, Doña, yaani Bibi, Fidelina, mwenye karakana ya rejeta karibu na soko. Alikuwa amesimama kwenye ua na ndizi mdomoni.

"Unataka kwenda arusini na sura mpya?" alisema. "Maji ya moto yaliyofungiwa humo yana nguvu. Ukifungua, yanakurukia usoni. Zima injini. Subiri mpaka rejeta ipoe, uweze kuishika kwa mkono."

Basi walisubiri. Doña Fidelina akala chapati tatu za Malín, akazisifu. Rejeta ilipopoa, alifungua mfuniko na kutia kidole ndani. Kidole kilitoka na tope jekundu.

"Unatia maji ya wapi, jirani?"

"Ya mtoni. Ni safi kabisa."

"Safi kwa kuogea. Humu yanaleta kutu. Vijia vya rejeta vimeziba, maji hayazunguki. Na itazame feni yako! Mapanga mawili yamevunjika."

"Lakini kwenye tambarare halichemshi," Malín alisema.

"Ndiyo, dada. Kwenye tambarare lori linakimbia, upepo unaingia wenyewe. Mlimani linatambaa. Upepo mdogo, moto mwingi. Feni hii inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikizunguka taratibu, nayo inalegea. Tieni rejeta mpya na feni ya umeme. Hiyo hupiga kwa nguvu hata lori likisimama."

Baltazar alinunua vyote viwili. Doña Fidelina aliahidi kuja Jumatano kumsaidia. Lakini Jumanne Baltazar alishindwa kuvumilia. Alifungua bolti, akatoa rejeta na feni ya zamani, akatia mpya. Mchana alimwita mkewe kwa furaha.

"Malín! Njoo usikie feni! Inavuma kama ndege!"

Feni ilivuma kweli. Malín alifurahi. Lakini injini ilipoachwa inanguruma, mshale wa joto ulianza kupanda. Ukapanda tena. Baltazar alizima haraka, akakaa juu ya tairi akiwa ameshika kichwa.

"Rejeta mpya, feni mpya, na bado inachemsha," alisema. "Mwambie Dominga atafute redio."

Malín alivuka ua, akamleta Doña Fidelina.

"Kumbe mgonjwa ameshapasuliwa bila daktari?" Doña Fidelina alicheka. "Hebu nipe kile kitambaa cha kufunikia chapati. Washa feni. Mikono yote mbali!"

Alikishika kitambaa mbele ya rejeta. Kitambaa kikaruka, kikatua usoni pa Baltazar. Malín alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umeona?" alisema Doña Fidelina. "Feni hii imekaa nyuma ya rejeta. Kazi yake ni kuvuta upepo kutoka mbele, upite kwenye rejeta. Yako inausukuma urudi ulikotoka. Umegeuza nyaya mbili za feni. Zibadilishe. Lakini kwanza toa waya wa betri! Feni ya umeme huweza kuanza yenyewe, hata injini ikiwa imezimwa. Haipigi hodi."

Aliinama, akaona kosa jingine. Baltazar alikuwa ameifunga feni kwa waya uliopenya katikati ya rejeta.

"Ah, jirani! Huwezi kumtoboa mtu mapafu ili umfungie shati. Lori likitikisika, waya huu utaikata rejeta. Tufunge feni kwenye vyuma vya pembeni, na chini ya rejeta tuweke vipande vya mpira vya kupunguza mtikisiko."

Walifanya kazi pamoja hadi jioni. Waliweka kava kuzunguka feni, ili upepo upite kwenye rejeta nzima. Waya mnene ulitoka kwenye betri, ukapitia kwenye fyuzi. "Umeme ukizidi, fyuzi ikatike, lori lisiungue," Doña Fidelina alieleza. Aliunganisha na rilei, kidude kinachopitisha umeme mkubwa wa feni, na swichi ya joto ya kuiwasha feni injini ikipata moto.

Walisafisha njia za maji za injini kwa maji mengi mpaka tope likaisha. Kisha wakajaza kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu.

"Fungia chupa iliyobaki," Doña Fidelina alimwambia Malín. "Ni tamu lakini ni sumu. Mbwa na watoto wasiiguse."

Baltazar aliwasha injini mfuniko ukiwa bado wazi. Mapovu yakatoka, hewa iliyokuwa imefungiwa ilikuwa inapata njia. Waliongeza kulanti, wakafunga mfuniko. Baada ya hapo hapakuwa na kazi ila kungoja. Mshale ulipanda hadi katikati. Malín alichukua kitambaa cha chapati.

Tak! Feni ikaanza yenyewe. Safari hii Malín ndiye aliyekishika kitambaa. Kikang'ang'ania mbele ya rejeta kama kimebandikwa kwa gundi. Mshale ukashuka, na feni ikazima.

"Imezima!" Baltazar alipiga kelele. Akamkumbatia mkewe, akamkumbatia na Doña Fidelina, mikono yake ikiwa bado na mafuta.

Jumamosi, kulipopambazuka, lori lilianza kupanda, likiwabeba pamoja na ndugu za Baltazar. Barabara ilipinda, ukungu ukawafunika, marimba ikagongagonga nyuma. Mara kwa mara feni ilisikika ikivuma, kisha ikanyamaza. Mshale haukupita katikati.

Walipoingia uani kwa akina Dominga, hapakuwa na mtu ila majogoo na rundo la kuni. Dominga alitoka mbio, nywele zikichuruzika maji, bila viatu.

"Dada! Mbona mapema hivi? Kuku wenyewe bado wako hai!"

"Ulitwambia tusichelewe!"

Baltazar na ndugu zake walikuwa wameshaanza kuteremsha marimba. Waliisimamisha palepale matopeni. Baltazar akashika fimbo zake, akaanza kupiga. Dominga alicheka, akamvuta Malín kwa mikono yote miwili, na wakacheza peke yao katikati ya ua, kabla mgeni hata mmoja hajafika.