Taulo Nyeupe za Madoido

Sauti ya kinyozi iliondoka siku ya Jumatatu. Asubuhi hiyo, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, alimwambia binti yake kwa mkwaruzo, "Pilipili, usigombane na mtu mpaka nirudi." Alirudi, sauti haikurudi. Madaktari walikuwa wameondoa zoloto, kiungo cha sauti kilichoko kooni, kwa sababu kilikuwa kimeliwa na saratani. Sasa alipumua kwa tundu dogo chini ya shingo. Kwa miezi mingi sauti ilikuwa imemkauka, na kila mkewe alipomsihi aende hospitali, alijibu, "Mafua tu haya," akawasha sigara nyingine.

Zamani watu walikuja kunyolewa hata nywele zisipoota, ili tu wamalizie kusikia kisa alichoanza kuwasimulia jana.

Jeraha lilipopona, mtaalamu wa tiba ya usemi alimfundisha kusema upya. Alikuwa amewekewa kidude chenye mlango mdogo kati ya njia ya hewa na njia ya chakula. Alivuta pumzi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akasukuma. Siku za kwanza ilitoka pumzi tupu. Kisha ikatoka "a", kisha "maji", kisha "Pilipili". Ilikwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni, lakini ilikuwa sauti. Nyumbani aliitumia. Dukani alinyamaza, na sababu ilikuwa dhihaka za Madoido.

Kunyoa, Madoido alifundishwa na kinyozi huyuhuyu. Mwalimu wake alipolazwa, yeye alifungua duka ng'ambo ya barabara, akawanong'oneza wateja: "Ugonjwa ule unaambukiza kwa mashine. Ukinyolewa pale, utaamka na tundu shingoni." Benchi la kinyozi likabaki tupu.

"We mtoto wa chura!" Madoido alimwita Pilipili akitoka shule. "Baba hajambo? Mwambie alie kidogo, tujue kama mvua inakuja!"

Wateja wakacheka. "Utanitambua," Pilipili alisema moyoni.

Jumamosi, duka la Madoido lilipofurika watu, Pilipili alizunguka nyuma. Taulo nyeupe zilikuwa zimeanikwa, bado mbichi, na kando yake palikuwa na gunia la nywele zilizofagiwa. Nywele za wateja walioibwa! Alilibeba gunia akicheka peke yake, akamwaga nywele juu ya taulo moja baada ya nyingine. Zilinata vizuri sana.

Kinyozi alimwona kutoka ng'ambo. Akavuka mbio, akafunua kitambaa kinacholinda shingo ili azibe tundu na kumkataza. Upepo ukavuma. Kabla hajasema neno, alivuta pumzi, na nywele zikaingia.

Alikohoa mpaka akapiga magoti. Wateja walitoka mbio, wakasimama mbali wakiziba pua. Madoido naye alirudi nyuma. "Msimguse!" alipiga kelele.

Pilipili alitupa gunia, akamshika baba yake, akamwondoa kwenye upepo. "Kohoa, baba! Kohoa tena!" Alilia huku akimpangusa shingo kwa kitambaa safi. Hatimaye makohozi yalitoka pamoja na nywele, na pumzi ikatulia.

Kinyozi akasimama. Mbele ya watu wote akaweka kidole gumba shingoni.

"Madoido," alisema. "Nilikuwa na saratani. Haiambukizi. Mimi niliivuta mwenyewe, sigara baada ya sigara." Akapumua, akaziba tena. "Nilikufundisha kunyoa. Uongo umejifunza wapi?"

Mzee mmoja, aliyenyolewa nusu ya kichwa, alivuka barabara akiwa bado amevikwa shuka la Madoido, akaketi kwenye kiti cha kinyozi.

"Fundi, nimalizie," alisema. "Na ukipata pumzi, nipe kisa."

Wengine wawili wakamfuata. Pilipili akapiga makofi, lakini baba yake akamwonyesha taulo.

"Utazifua zote."

"Alistahili, baba!"

"Alistahili," kinyozi alikubali. "Ila kisasi hakina macho, mwanangu. Ulimlenga yeye, nusura uniue mimi. Mtu akikusingizia, sema kweli mbele za watu. Hata mimi nilikosea kunyamaza. Na sauti ikikukauka wiki tatu, usiseme mafua. Nenda ukapimwe."

Pilipili alifua taulo zote, akinung'unika kila alipokamua.

Madoido bado ananyoa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi huwasalimu. Kinyozi huitikia. Pilipili haitikii.