Kiti cha Juu Kabisa

Joanitha alitoka Bugene jua likizama, mtoto mgongoni, begi la kompyuta kifuani, na hasira iliyokosa pa kutulia. Kijana wa bodaboda alimsalimia mara mbili, hakumjibu. Alisema tu, "Omurushaka, kwenye maghala ya kahawa," akapanda.

Alikuwa anakwenda kugombana na mteja.

Wateja wa tovuti alikwisha kuwavumilia wa kila aina. Kuna anayetaka rangi nyekundu leo na kesho anaiita ya damu, kuna anayetuma picha za gizani na kudai zing'ae. Tangu ajifungue alifanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili umempakata Gloriose, maziwa yakidondokea kwenye vitufe. Lakini huyu Mzee Nestory wa Kyerwa alimshinda. Alitaka tovuti ya ukoo wake, ili watoto waliotawanyika mijini na ughaibuni wajuane. Yeye na Joanitha hawakuwahi kuonana, mambo yote yalipita kwenye simu. Mzee alituma picha za ukoo mzima isipokuwa ya mtu mmoja: bibi yao mkuu, ambaye kiti chake kiko juu kabisa ya ukurasa. Alifariki, alisema mzee, kabla kamera hazijafika kwao.

Nafasi tupu huharibu sura ya ukurasa. Joanitha akafanya wanachofanya watu wa kazi yake kila siku, akabandika picha ya muda ili aone tu inavyokaa. Iliyokuwa karibu kwenye simu ilikuwa ya Gloriose amelala. Akamtumia mzee aangalie.

Jibu lilikuja papo hapo. "Ndiye huyo. Asiondolewe."

Akaiondoa. Asubuhi akaikuta imerudi. Akaiondoa tena, akabadilisha nywila.

Ikarudi.

Na Gloriose, mtoto wa miezi mitatu, akaacha kulia. Kila jioni aliligeuzia titi kisogo, akaukodolea mlango macho kama anayesubiri wageni. Kinywa chake nacho kikaanza kunuka... Joanitha alinusa na kunusa kabla ya kukubali. Kahawa. Ile ya kutafuna, iliyochemshwa kwa majani na kukaushwa, ambayo wazee humkaribishia mgeni. Kinywani mwa mtoto asiye na jino hata moja.

Mumewe, Mwesiga, alikuwa Bukoba kikazi. Alipompigia, alimjibu kwa upole, "Umechoka, mke wangu. Uzazi una mambo yake. Lala kidogo." Joanitha nusura aitupe simu ukutani. Alimchukia siku hiyo, wala hakuona haya kumchukia. Akakata, akamwandikia mzee kwamba anataka waonane uso kwa uso. Mzee akamtajia maghala.

Alipofika, yalikuwa yamefungwa. Maganda ya kahawa yaliyolowa mvua yalinuka uchachu. Bodaboda ilipoondoka, kilichobaki ni sauti ya majani ya migomba nyuma ya jengo, yakisuguana taratibu.

Mzee alikuwa ameketi barazani, koti refu, kofia mapajani. Joanitha hakumpa shikamoo. Hakustahili.

"Toa picha ya mwanangu."

Mzee hakumtazama usoni. Aliinuka, akamzunguka polepole mpaka nyuma, akapiga magoti kwenye matope.

"Shikamoo, bibi," alinong'ona.

Joanitha alidhani anadhihakiwa. Alifungua mdomo amtukane.

Pumzi ya moto ikampiga shingoni. Harufu ya kahawa...

"Marahaba."

Sauti ilitoka ndani ya kanga. Nyembamba, kavu, yenye uchovu wa miaka mingi.

Hasira ndiyo iliyomsimamisha. Aligeuza shingo akamkuta mzee ameshika kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, akikiinua kuelekea mgongoni mwake. Kikono kikatoka kwenye kanga, kikachukua punje za kahawa, kikarudi ndani.

"Mtafutieni bibi yenu pengine," Joanitha alisema. "Huyu nimemzaa mimi."

"Hatukumtafuta," mzee alisema. "Kiti kilikuwa wazi miaka yote. Wewe ndiye uliyemkalisha mtu."

"Kumbe kiti ndicho kinachotakiwa?"

Alitoa simu, akampiga mzee picha kabla hajainua mkono kujikinga. Akaketi kwenye ngazi, akafungua kompyuta. Vidole vilikosea, akarudia huku akitukana matusi ambayo hakujua kama anayajua. Akaiondoa picha ya Gloriose. Mahali pake, juu kabisa, akaweka uso wa Mzee Nestory.

"Haya. Kaa wewe."

Akafungua ukurasa upya. Akafungua tena na tena. Uso wa mzee ulibaki palepale.

Mzee alirudi nyuma, bado yuko magotini. "Umenikalisha kwenye kiti cha bibi," alisema, na kwa mara ya kwanza alisikika mwenye hofu.

Gloriose akalia. Kilio cha njaa, kilio cha mtoto. Joanitha alimfungua mgongoni, akamnyonyesha palepale kwenye ngazi, akilia naye. Kinywa kilinuka maziwa. Maziwa tu. Alipoinua kichwa mzee alikuwa anaishia kwenye migomba, akienda kinyumenyume.

"Kiti umekitwaa," ilisema sauti yake kutoka gizani. "Na huyo bibi uliyemwinua, umempa wapi pa kukaa?"

"Akakae kwako," Joanitha akajibu, akafunga kompyuta kwa kishindo.

Njia nzima ya kurudi Bugene hasira haikumwacha, ila sasa ilikuwa na ladha ya ushindi.

Mama mkwe wake, Benadeta, alimngojea mlangoni na taa. Benadeta alikuwa hapigi magoti hata kanisani, goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani, na padri alikwisha kuzoea.

"Mpokee, mama. Amenyonya vizuri leo."

Benadeta alinyoosha mikono. Kisha mikono ikasimama hewani. Goti zima likakunjika. Na lile bovu nalo, likilia kama kuni inayovunjwa, likakunjika.

"Shikamoo," alimwambia mtoto.

Akamtazama mkwewe kwa mshangao, machozi ya maumivu yakimlengalenga. "Sijui kwa nini nimesema hivyo, mwanangu. Niinue."

Joanitha hakumwinua. Alimtazama Gloriose, aliyekuwa macho, ametulia, ngumi moja ameifumba. Punje za kahawa alizopewa na mzee hazikuwa zimeanguka popote.

Akakibana kinywa cha mtoto kwa kiganja.

"Usiitikie," alisema, meno yakisagana. "Wewe ni mwanangu. Usithubutu kuitikia."

Chini ya kiganja chake, midomo midogo ilianza kusogea.