Chuma Alichokificha Owino

Owino alinunua vyuma chakavu. Yadi yake ilikuwa mtaa wa Namuwongo, karibu kabisa na reli. Nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa nyuma ya yadi hiyo. Humo aliishi na mke wake Phelister na binti yao Akoth, mwenye miaka saba.

Kila asubuhi watu walimletea rimu za pikipiki, nondo na masufuria yaliyotoboka. Owino hakupima kitu kabla ya kukigonga kwa nyundo. Alishawahi kuuziwa mabomba yaliyojazwa mchanga. Kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu.

Jumatatu moja mtu alileta kitu kutoka kiwanda kilichobomolewa. Kilikuwa cha chuma, saizi ya ndoo ndogo, lakini kilikuwa kizito ajabu. Pembeni kilikuwa na karatasi ya manjano iliyokwaruzwa. Juu yake palikuwa na alama nyeusi, kama mapanga matatu ya feni yaliyozunguka nukta. Owino hakuijua alama hiyo. Alichungulia palipopasuka akaona metali laini ya kijivu. Ilikuwa risasi, ile inayotumika kwenye betri za magari.

Alikiweka kwenye kona ya yadi. Alipanga kukikata kwa gesi siku ya Jumamosi, aitoe risasi aiuze kwa bei nzuri.

Jumatano alitokea msichana aliyekuwa akitembea polepole kando ya reli. Alibeba mashine ndogo iliyolia tik, tik, na kila mara alisimama akaandika kwenye daftari. Alipofika kwenye yadi ya Owino, mashine ikaanza kulia haraka haraka. Akaingia.

"Habari ya kazi, mzee. Naitwa Adoch. Nasoma chuo kikuu, shahada ya pili, fizikia ya nyuklia. Napima mionzi kwenye udongo na kwenye nyumba za hapa."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ni utafiti wangu wa masomo."

"Utafiti," Owino alirudia. Aliwakumbuka watu waliokuja zamani na kamba za kupimia. Wao pia walisema ni utafiti. Baadaye nyumba za kando ya reli zikapakwa alama nyekundu ya kubomolewa.

Adoch aliangalia kona ya yadi. "Mzee, pale kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mashine inaonyesha kipo. Tafadhali usikiguse, wala usikifungue. Niruhusu nipige simu..."

"Nimesema hakuna kitu. Toka kwenye yadi yangu."

Adoch alitoka. Owino alimtazama mpaka akapotea. Sasa alikuwa na hakika. Msichana huyu anaijua risasi. Ana mnunuzi wake mahali, naye atarudi na watu waichukue.

Phelister alipokwenda sokoni, Owino alipakia kile kitu kwenye toroli, akakiingiza ndani. Akakisukuma chini ya kitanda cha Akoth, akakifunika kwa gunia. Hakumwambia mtu, hata mke wake.

Akoth alilala juu yake usiku wa siku mbili.

Ijumaa mchana Adoch alirudi. Safari hii alikuja na Okeny, polisi mstaafu aliyekuwa jirani yao. Watu wote walimwita Afande.

"Owino, mimi nilikaa kambi moja ya polisi na baba yake huyu Adoch," Okeny alisema. "Msikilize kwanza."

"Afande, na wewe wamekupa kitu?"

Maneno hayo yalimuuma Okeny. Phelister aliyasikia, akatoka jikoni akiifuta mikono.

"Baba Akoth, Afande ndiye alitusaidia mtoto alipougua. Leo unamwambia hivyo?" Akamgeukia Adoch. "Dada, hiyo mionzi ni nini?"

"Mama, ni nguvu inayotoka ndani ya vitu fulani. Huioni, haina harufu, wala husikii joto lake. Kidogo iko kila mahali, kwenye udongo na kwenye matofali. Hiyo tumezaliwa nayo. Lakini viwanda vingine na hospitali hutumia vitu vyenye mionzi mikali. Vinafungiwa ndani ya risasi nzito, kwa sababu risasi inaizuia. Ukiikata hiyo risasi, mionzi inatoka. Mtu anaungua na hajui, mpaka ngozi inaanza kuchubuka. Wengine wamekufa."

"Maneno matupu," alisema Owino. "Hiyo mashine inalia ukitaka wewe. Unabonyeza mahali."

Adoch hakukasirika. Aliivua mashine begani akampa. "Shika mwenyewe, mzee. Mimi nitabaki hapa. Kila mlio ni mionzi inayoingia kwenye mashine, na hii namba inakuhesabia. Ikizidi mia mbili, simama, usisogee tena."

Owino aliichukua. Alikwenda kwanza kwenye reli. Namba ikasoma arobaini. Akaitikisa, akaigeuza, akaipiga kofi kidogo. Arobaini. Akaisogeza kwenye lundo la nondo. Arobaini na mbili.

Kisha akaenda kwenye ile kona. Arobaini na tano.

"Ajabu," Adoch alisema kutoka mbali. "Juzi hapo palikuwa juu sana." Akaliangalia daftari lake, amechanganyikiwa kweli.

Owino peke yake ndiye aliyejua sababu. Aligeuka, akaelekea nyumbani kwake hatua kwa hatua. Sitini. Tisini. Mlangoni ilisoma mia na sabini, na mashine ililia bila kupumzika. Hakuna mtu aliyeiambia mashine hii chuma kiko wapi.

Ndani, Akoth alikuwa amekaa kitandani akifanya kazi ya shule.

"Akoth, toka nje," Owino alisema. "Acha daftari. Njoo haraka."

Alimshika mkono akamtoa mpaka barabarani. Hapo akamgeukia mkewe. "Mama Akoth, kiko chini ya kitanda cha mtoto. Mimi ndiye nilikiweka."

Phelister alimvuta mtoto kifuani pake.

Adoch alipiga simu ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya mionzi. Okeny alisimama njiani akawazuia majirani. "Kaeni mbali. Hii mionzi ni kama moto wa jiko, ukisogea nyuma, inapungua."

Maofisa walifika na sanduku zito lenye kuta nene. Walikipima kile kitu, wakakiingiza ndani ya sanduku kwa vifaa virefu. Mkubwa wao alimwambia Owino, "Kifuniko cha ndani bado kimefungwa. Mtoto amepata mionzi kidogo tu. Mpelekeni hospitali aangaliwe, mpate amani. Lakini ungekikata, tungekuja kukuzika."

Hospitalini daktari alimpima Akoth damu, akamkuta mzima.

Siku iliyofuata Owino alikwenda kwa Okeny kumwomba radhi. Okeny alimkaribisha chai. Tangu wiki hiyo ile alama ya mapanga matatu ilichorwa kwenye geti la yadi, na chini yake namba ya simu. Owino alimwonyesha kila aliyeleta vyuma: ukiiona hii usiguse, rudi nyuma, piga simu. Na kitu kizito kisichojulikana hakukinunua, hata kama hakina alama.

Mwezi mmoja baadaye mtu alileta chuma cha mviringo, kizito sana, rangi yote imetoka. Owino aliwasogeza watu mbali, akampigia Adoch. Msichana alikuja kwa boda na mashine yake. Akakaribia kidogo kidogo, akapima kila upande.

"Ni jiwe la mizani ya zamani," alisema. "Halina kitu."

Owino aliona haya. "Nimekusumbua bure, dada. Umeacha masomo yako."

"Mzee, niite bure hata mara mia," Adoch alisema. "Hiyo ndiyo simu ninayoipenda."

Phelister alimletea kiti na kikombe cha uji. Owino akaliinua lile jiwe kwa mikono miwili, akaliweka kwenye lundo la vyuma.