Upepo Usiovuma Retiro

"Mnara kwa Jiwe. Fundi yuko ndani."

Casilda Urrutia alifumba macho.

Haikuwa hofu. Hofu ilimwisha miaka mingi iliyopita, ikamwachia magoti mabovu na usingizi wa mang'amung'amu.

"Ndani wapi?" akanong'ona.

"Ndani ya bustani. Tumenasa ujumbe wake: amepita lango la kaskazini sasa hivi. Kamera imemnasa mgongo tu."

"Mgongo wa namna gani?"

"Mgongo, Casilda. Mgongo ni mgongo."

Mnara alikuwa Higinio, mkuu wake wa kazi, aliyekaa ofisini penye kiyoyozi na kahawa ya barafu. Jiwe alikuwa yeye mwenyewe, umri wa miaka hamsini na sita, amesimama juani Jumapili ya Juni, katikati ya Bustani ya Retiro, Madrid. Chini ya koti lake la kitani kulikuwa na Glock 26. Sikioni mlikuwa na kidude cha mawasiliano, kidogo kuliko punje ya dengu. Mguuni alivaa viatu vya Camper vilivyopasuka kisigino, kwa sababu hata jasusi hufika mahali akachagua raha ya vidole.

Mbele yake, kando ya ziwa kubwa, mzee mmoja alikuwa akipunga kofia na kuwafokea watu kwa furaha.

"Msinitazame mimi, tazameni maji! Mfalme Felipe wa Nne alikuwa anapigwa vitani kila upande. Waziri wake akasema, ah, huyu tumpe bustani, asisikie habari mbaya. Wakachimba ziwa hili, wakatia meli. Mfalme akawa anapigana vita vya baharini humu humu. Na humu, mabibi na mabwana, alishinda vyote!"

Wasikilizaji wakaangua kicheko.

"Na aliyelipia ni nani?" akauliza mwanamke mmoja, mdomo umejaa mbegu za alizeti.

"Bibi yako, mama. Bibi yako na babu yangu."

Huyo ndiye Don Abundio Cifuentes, nahodha mstaafu wa meli ya mizigo. Kesho asubuhi angesimama mahakamani na kusema ni nani waliopakia makombora katika meli yake na kuyaandika kuwa ni pampu za maji. Mashahidi walikuwa watatu. Mmoja alikufa Marseille, mwingine katika bandari ya Pireo. Wote wawili waliuawa na mtu mmoja, ambaye genge la magendo ya silaha lilimwita Fundi. Hakuna aliyekuwa na picha yake. Kilichojulikana ni kwamba alijifunza kila lugha mpaka wenyewe wakamdhania ndugu.

Kwa miezi minne Casilda alimlinda mzee huyu katika nyumba zenye mapazia mazito. Alimpikia dengu, akamsikiliza akikoroma, akashindwa naye kwenye karata. Juzi mzee aliweka kijiko chini. Akasema Jumapili hii atakwenda Retiro kusimulia historia ya bustani, kama alivyofanya kila Jumapili tangu astaafu. Wasipompeleka, kesho hafungui mdomo.

Higinio alipiga kelele. Kisha akakubali.

Na sasa Fundi yuko ndani.

"Mtoe," Higinio akasema sikioni. "Gari liko tayari. Mtoe sasa hivi."

"Nikimtoa, Fundi anapotea. Kesho atamngoja kwenye ngazi za mahakama. Pale kuna madirisha mia, mkuu. Hapa nina miti."

"Unapendekeza nini?"

Casilda aliangalia angani. Bluu tupu. Hata jani moja mtini halikutikisika. Ndipo akapata wazo, na wazo lenyewe likamchosha, kwa maana alijua kelele zitakazofuata.

"Funga bustani."

"Kwa sababu ipi?"

"Upepo."

Higinio akacheka kicheko cha mtu anayeijua Madrid.

Sisi wakazi wa mji huu tunavumilia mengi. Tunavumilia jua, kodi ya nyumba, na jirani anayetoboa ukuta wakati wa kupumzika. Lakini kitu kimoja kinatutoa roho: kufungiwa Retiro. Miti ile ni mizee na matawi huanguka, hilo tunalijua. Kwa hiyo utabiri ukisema upepo unakuja, walinzi hupiga filimbi, wakafukuza watu wote na kufunga malango. Mara nyingi upepo wenyewe hauji. Nasi tunatoka tukitukana hadi barabarani.

"Dakika kumi," akasema Higinio. "Nitabakisha lango moja tu, la sanamu ya Malaika Aliyeanguka. Yote mengine nayafunga."

Don Abundio alikuwa amewafikisha watu wake kwenye Jumba la Kioo. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapa sicheki," akawaambia. "Jumba hili lilijengwa kwa maonyesho ya Ufilipino, ilipokuwa koloni letu. Kulikuwa na mimea. Na walileta watu pia. Wakawajengea vibanda, wakawaweka watazamwe, na Madrid ikaja na mwavuli wake kuwatazama. Wengine walikufa hapa hapa mjini, mbali na kwao. Ukija kupiga picha ya arusi, wakumbuke."

Mama wa mbegu za alizeti aliacha kutafuna.

Casilda alimsogelea mzee, akamshika kiwiko kama binti anayemtunza babake.

"Don Abundio. Amekuja."

Mzee hakugeuka. "Yupi?"

"Sijui. Ndiyo taabu yenyewe. Nataka ukae kwenye benchi karibu na lango, nami kando yako. Kila mtu atapita mbele yetu. Atakuja."

"Yaani mimi ni chambo."

"Ndiyo."

"Miezi minne umeninyima hata kusimama dirishani, leo unanitundika kwenye ndoana."

"Ukikataa, gari liko tayari. Sitakulaumu."

Don Abundio alifuta jasho.

"Naogopa, binti yangu," alisema. "Ila nimechoka kuogopa nikiwa nimejifungia. Twende tukakae."

Filimbi zikalia.

Simu zikaanza kutetemeka mifukoni. Tahadhari nyekundu. Upepo mkali. Ondokeni.

Bustani nzima ikaguna kwa pamoja.

Benchi lilikuwa la mawe, kivulini, hatua chache kutoka langoni. Langoni alisimama mlinzi mnene aitwaye Nemesio, mtu wa kweli wa bustani, asiyejua lolote. Nje, ndani ya gari la Seat lenye nembo ya fundi bomba, kijana wa Higinio aitwaye Quiles alikuwa amelaza bunduki ya Heckler magotini.

Casilda alifungua kifungo cha koti.

Watu wakaanza kumiminika.

"Upepo uko wapi?" bwana mmoja mwenye baiskeli akamfokea Nemesio. "Nionyeshe! Umeuficha mfukoni?"

"Bwana, mimi natekeleza amri."

"Nyanya yangu akipiga chafya anavuma kuliko huu!"

Akapita. Wakaja wawili na kikapu chenye kimanda cha viazi, hawajakionja.

"Tumetoka mtaa wa Vallecas kwa miguu, we mlinzi! Tukale wapi, kichwani kwako?"

"Kuleni kule barabarani."

"Kula wewe!"

Wakapita. Nemesio alipokea matusi yote kama mtu anayepokea mvua. Alikuwa amezoea.

"Jiwe, namwona mmoja," Quiles akasema sikioni. "Kipara. Miwani myeusi. Mkoba mrefu wa Adidas. Mkono umo ndani ya mkoba."

Casilda alimwona. Mabega mapana. Shingo nene. Alikuja moja kwa moja, na mkoba ulikuwa mzito.

Kidole cha Casilda kikagusa Glock.

"Nimfyatulie?" akauliza Quiles.

"Subiri."

"Jiwe, yuko mita kumi kutoka kwa Tausi!"

Tausi ndilo jina walilompa mzee.

"Nimesema subiri."

Kipara akafika langoni. Akasimama. Akatoa mkono mkobani, na ndani ya mkono huo kulikuwa na raketi ya tenisi.

"Nimelipia uwanja!" akanguruma. "Nimelipia mwezi mzima! Juzi mmefunga, juzi ile nyingine mmefunga, leo hata bendera haipepei! Mwambie meya aje hapa anipulizie yeye!"

Aliendelea. Alitaja kodi, takataka, na mkwe wake anayefanya kazi manispaa. Nyuma yake watu walimpigia makofi.

"Mwacheni," Casilda akanong'ona. "Huyo ni wetu, mwana wa Madrid."

Akashusha pumzi. Mgongo ulimuuma. Umati ulikuwa unapungua, na Don Abundio kando yake alikuwa ananong'ona jambo, labda sala, labda tarehe za wafalme.

Akaja bwana mmoja wa makamo, shati la samawati limepigwa pasi, gazeti la El País kwapani, koti limekunjwa mkononi. Uso wa upole. Mtu ambaye ungemwachia mtoto akushikie.

Alifika kwa Nemesio akatabasamu.

"Asante sana, ndugu. Usalama kwanza. Kazi njema."

Nemesio akabaki mdomo wazi.

Na Casilda akahisi baridi, kwenye jua lile.

Tangu Retiro ianze kufungwa kwa upepo, hakuna mwana wa Madrid aliyewahi kumshukuru mlinzi. Hakuna. Hata watawa huguna.

Bwana yule hakutoka nje. Aligeuka nusu, kama aliyesahau kitu, akaelekea kwenye benchi. Koti lililokunjwa likainuka kidogo. Chini yake kukatokeza ncha nyeusi, nene.

Kiwambo cha kuzuia sauti.

Casilda hakupiga kelele. Alijitupa.

Goti la kushoto lilikataa, akaangukia kiuno cha yule bwana badala ya kifua. Ilitosha. Bastola ikatema mara moja. *Pfut.* Vumbi likaruka kwenye jiwe, kiganja kimoja kutoka bega la Don Abundio.

Fundi alimpiga kiwiko cha taya. Casilda akaona nyota mchana. Akamng'ang'ania mkono wa bastola kwa mikono miwili, akaukunja kinyume mpaka ukalia. Bastola ikaanguka. Fundi akachomoa kisu kwa mkono wa pili, mwepesi sana, na kikasimama hewani.

Mdomo wa Glock ulikuwa chini ya kidevu chake.

"Taratibu," Casilda akasema, akihema. "Mimi ni mtu mzima. Kidole changu hutetemeka."

Kisu kikadondoka.

Quiles akafika mbio na pingu. Nemesio alikuwa amekaa chini, filimbi bado mdomoni, kila pumzi yake ikilia.

Fundi alimtazama Casilda bila hasira. Alionekana mtu wa kazi aliyekerwa na kazi yake mwenyewe.

"Nilikosea wapi? Kihispania changu hakina doa."

"Hakina."

"Basi?"

"Una adabu mno," akasema Casilda. "Mpelekeni."

Gari la fundi bomba likaondoka, Quiles na Fundi wakiwa ndani.

"Mnara kwa Jiwe," Higinio akasema, sauti nyepesi kwa mara ya kwanza. "Kazi safi. Mlete Tausi nyumbani."

Don Abundio alikuwa bado amekaa. Alikuwa analia polepole, bila kujificha, na Casilda akadhani ni ile risasi.

"Imekwisha, Don Abundio."

"Najua. Nilikuwa nataka kumaliza tu. Sikufika kwenye mwaka wa sitini na nane, malkia alipokimbia na watu wa kawaida wakaingia bustani hii. Ndiyo sehemu niipendayo."

"Utaimalizia siku nyingine."

Mzee akamtazama kwa huruma.

"Siku ipi, binti yangu? Kesho nikishatoa ushahidi mnanipa jina jingine na nchi nyingine. Mwenyewe uliniambia, nisikanyage Madrid tena. Unafikiri niling'ang'ania Jumapili hii kwa ukaidi?"

Maneno hayo Casilda aliyasema kweli, jikoni, akimenya vitunguu. Aliyasema kama mtu anayetaja saa ya treni. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Akamwinua mzee, wakatoka kuelekea garini; Nemesio akafunga lango nyuma yao, na hapo Casilda akasimama.

"Nemesio, fungua."

"Bibi, amri inasema..."

"Amri ni mimi. Fungua."

Lango likafunguka. Ndani hapakuwa na mtu hata mmoja. Njia pana nyeupe, miti pande zote, ndege, na maji yakitiririka mahali. Bustani nzima ilikuwa ya mzee mmoja.

"Ingia," Casilda akasema. "Kaa utakavyo. Nitakungoja hapa."

Don Abundio akavua kofia, akaingia. Alitembea kidogo, akasimama mbele ya sanamu ya malaika. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Kisha akarudi, uso umekunjamana.

"Vipi?"

"Inatisha," akasema. "Hivi ndivyo alivyoiona mfalme. Tupu. Sasa ndiyo naelewa kwa nini alikuwa na huzuni, maskini."

Akamshika Casilda mkono.

"Nirudishie watu wangu."

Casilda akagusa sikio. Taya lilikuwa limevimba, kila neno lilimuuma.

"Jiwe kwa Mnara. Ondoa upepo."

"Casilda, mzee anatakiwa ndani ya gari sasa..."

"Quiles atarudi akae naye mpaka jua litue. Nami namwachia Glock yangu mama wa mbegu za alizeti ikibidi. Ondoa upepo, Higinio. Tafadhali."

Hakuwa amewahi kumwambia tafadhali. Mara simu barabarani zikaanza kutetemeka.

Wakarudi. Kwanza wale wa Vallecas na kimanda chao, halafu baiskeli, raketi, watoto, mbwa, ngoma. Njia nyeupe ikajaa. Don Abundio akapanda juu ya benchi la mawe, vumbi la risasi bado nyuma yake, akapunga kofia.

"Njooni, njooni karibu! Mwaka elfu moja mia nane sitini na nane. Malkia amekimbilia Ufaransa, na nyinyi mko nje ya lango hili..."

Quiles aliporejea, Casilda alimwonyesha mzee kwa kidevu, akafunga kifungo cha koti. Akateremka mtaa wa wauza vitabu kuelekea kituo cha treni cha Atocha, akichechemea, akitafuta duka la dawa lililo wazi Jumapili.